Nywele Namba Saba

Nasema mwenyewe kabla Maman Odette hajawasimulia kwa chumvi yake: ndiyo, ni mimi niliyevua perruque, wigi langu, mbele ya ukumbi mzima wa chuo pale Woluwe, huku ugenini, mtoto mgongoni, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe.

Yote yalianza na neno moja: amina.

Nilipojifungua Exaucé nywele zangu zilinyonyoka, hasa mbele, nikabaki na paji la uso la mzee (mume wangu akasema "inakupendeza", nikamnunia wiki mbili). Bon, nikavaa perruque, siyo ya plastiki, ile ya nywele za binadamu, ndefu, ya kuwageuza watu shingo kule Matonge, mtaa wa watu wa kwetu. Jumapili Maman Odette, mke wa mchungaji wetu, akanishika kichwa mbele ya bamaman wote wa maombi: "Mumuone! Mungu amemurudishia nywele yake!" Nami, badala ya kusema maman, hii ni ya duka, nikasema amina. Ningeweza kuishi na amina hiyo, kama si kazi.

Kazi yangu ni kwenye labo, maabara ya mifupa. Naosha mifupa ya watu wa kale wa milima ya Amerika Kusini, naitia kwenye mifuko, naandika namba. Profesa Hilde anatafuta nani zamani alikunywa bia ya mahindi na nani aliishia kuitazama, maana huko bia hiyo ilikuwa ya wakubwa. Mahindi yanaacha alama mwilini, nyama nayo inaacha yake, na mfupa ukionyesha mahindi mengi lakini meno hayana matundu, basi huenda mtu huyo hakuyatafuna, aliyanywa. Mimi nimeishia sekondari lakini hilo nililielewa siku ya kwanza: unaweza kumdanganya jirani, mfupa wako utakuja kusema. (Mngedhani ningejifunza hapo hapo.)

Donc, profesa akataka nywele za watu wa leo wanaokula mahindi, alinganishe na wale wa kale, maana nywele nazo zinaweka alama. Nikaruka: "Profesa, mimi ni wa Lubumbashi, ugali wetu wa bukari kila siku, na munkoyo, bia yetu ya mahindi, anaotengeneza tantine yangu!" Nilikuwa kwenye mkataba wa majaribio, zimebaki wiki chache waamue kuniajiri au kunifukuza, kwa hiyo ningejitolea hata jino. Nikaleta na bamaman sita wa kanisani, Maman Odette mbele yao.

Zamu yangu ikafika, ya saba. Bram, msaidizi wa profesa, akasogea na mkasi, akasema tunakata karibu na ngozi. Na Maman Odette ameketi pale pale, ananitazama. Nikasema naona haya, nitakata mwenyewe chooni. Huko chooni nikakata kishungi cha perruque, nikakitia kwenye bahasha, nikaandika saba. Nikawaza, nywele ni nywele, kwani si za binadamu?

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa. Crèche anapolelewa mtoto ilifungwa, nikamfunga Exaucé mgongoni, nikasimama mlangoni nikimwambia kila anayeingia kwamba namba saba ni mimi (hakuna aliyeniuliza). Profesa akaonyesha ukutani vidoa vya watu wa kale, kila kidoa mtu mmoja: juu wakubwa, bia na nyama, chini watu wa kawaida. Halafu sisi, kwa rangi nyekundu. Sita wamekaa pamoja upande wa mahindi. Wa saba yuko peke yake, chini kabisa, kwenye kona.

"Namba saba," profesa akasema polepole, "nywele zake zilipokuwa zinaota alikula wali, au ngano. Mahindi hakuna. Na nyama, karibu hakuna."

Watu wakanigeukia. Bram akanyoosha mkono, sauti tulivu, ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Bahasha hizi nani aliziandika?"

"Mimi."

"Na mifuko ya mifupa?"

"Mimi."

"Basi tunajuaje kwamba wakubwa ni wakubwa?"

Profesa akanitazama, na niliona miaka yake yote ya kazi imening'inia kwenye mdomo wangu. Nikinyamaza, mifupa yake haina maana tena na mimi sina kazi. Nikisema, Maman Odette yuko safu ya kwanza. Na ni yeye aliyesimama kunitetea, Mungu wangu! "Maman Exaucé, sema basi! Tunakujua, uko unakula bukari! Bambie hawa!"

Nikashika perruque mbele, pale kwenye gundi, nikavuta. Ilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa. Exaucé akaona kichwa asichokizoea, akapiga yowe.

"Namba saba ni hii," nikasema. "Mifupa niliandika sawa. Nilidanganya nywele tu."

Maman Odette akakaa taratibu. "Na ile amina yako?"

"Nayo ilikuwa ya duka, maman."

Profesa akashuka, akanikata kishungi kidogo nyuma ya shingo, mbele ya wote. Bahasha akampa Bram aandike. Hapo ndipo nilipolia.

Bram alikagua mifuko yote, mmoja mmoja, wiki mbili. Hakukuta kosa hata moja, na samahani hakuitoa. Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu, naosha tu, kalamu iko kwake. Nywele zangu za kweli zimetoa mahindi na nyama, nimekaa jirani na wakubwa wa kale, na Maman Odette sasa anauliza munkoyo ule nakunywa vikombe vingapi.

Perruque iko sandukuni. Siwezi kuivaa, siwezi kuitupa. Nilitembea nayo Matonge kama mke wa waziri, kumbe nimebeba kichwani njaa ya mwanamke nisiyemjua.

Natoka na kitambaa siku hizi. Na mtu akiniwekea mkono kichwani kuniombea, nauliza kwanza: amina ya nini?