Nyanya za Mviringo

Mtaani kwao walimwita Vidole, na hilo halikuwa jina la kejeli. Ungempa mbegu iliyokaa kabatini mpaka imejisahau kwamba ni mbegu, yeye angeisia, angeifunika kwa udongo mwembamba na kuinyunyizia maji kama anayemnawisha mtoto mchanga uso, na baada ya siku chache ungeitwa uje uone. Maisha yake yote ya ukubwani alikuwa muuza miche. Nyanya, pilipili, kabichi, biringanya, vyote vilianzia kwenye kitalu chake kando ya nyumba, chini ya neti ya kivuli, vikaenda kuzeekea kwenye bustani za watu wengine.

Mkewe alikuwa mwenzake wa kazi tangu walipooana. Mke alichekecha udongo na kuuchanganya na samadi, mume akasia. Mke akabeba maji, mume akapandikiza. Na ukitaka kuuelewa mkasa huu, kumbuka jambo moja: wawili hawa hawakuwahi kuona nyanya yao ikizaa. Mche ulipofika urefu wa kiganja ulikuwa umeshanunuliwa. Nyanya za kula walizifuata sokoni kama watu wengine, na jirani yao, fundi cherehani, hakuchoka kuwacheka.

"Kinyozi hajinyoi," alisema kila alipomwona mama huyu akipita na kikapu.

Kisha mikono ya Vidole ikaanza kutetemeka. Ulianza wa kulia, kidole gumba kikisugua cha shahada mchana kutwa kana kwamba kinaviringisha punje ya udongo. Daktari aliutaja ugonjwa, akaandika vidonge, akasema vitasaidia lakini havitaponya. Vidole alisikia "vitasaidia", akasimama kwenda zake. Mkewe alisikia "havitaponya", akabaki amekaa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kaka yake Vidole aliugua vivyo hivyo. Siku wanawe walipomwambia basi, mzee, pumzika, aliomba kiti, akaketi barazani, na hakuinuka kwenye kiti kile mpaka alipobebwa. Hakufa kwa kutetemeka, alikufa kwa kukaa. Tangu hapo mke wa Vidole aliogopa kiti kuliko ugonjwa wenyewe.

Akaanza kufanya alichoweza. Chai akawa anaimimina nusu kikombe, akidai kwamba chai nyingi inamkosesha mzee usingizi. Mashati akayapitisha kwa fundi cherehani, matundu ya vifungo yapanuliwe.

"Shoga, tundu hili hata paka anapita," alisema fundi.

"Panua tu, na mdomo ufunge."

Basi Vidole hakumwaga chai, alifunga vifungo mwenyewe, na akawa anatamba kwamba dawa imemkubali. Mkewe aliitikia na kutabasamu. Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshavua mpaka hereni.

Aliyekataa kudanganyika ni binti yao. Alikuja kuwatembelea kutoka mji anakofanyia kazi, akamwona baba yake akipunguza miche kitaluni, akaona na ile iliyokwenda na mkono bila kukusudiwa.

"Baba, funga kitalu," alisema. "Njooni mkae kwangu. Inatosha."

Vidole alijifuta mikono kwenye suruali, jambo lililochukua muda.

"Mwaka huu siuzi mche hata mmoja," akasema. "Nitapanda hapa hapa uani, kwa mikono yangu hii, na wewe utakuja kula nyanya. Miche ikishika, mniache na kazi yangu. Isiposhika, nitakuja kwako, nikae mtakaponikalisha."

Binti alikubali. Mama mtu alisikia lile neno "mtakaponikalisha", akakikumbuka kiti cha barazani.

Vidole alikuwa na kopo dogo la mbegu, za nyanya zile ndefu kama yai, alizoletewa na mteja wake mmoja zimeiva mpaka zinapasuka. Alizikamua mwenyewe, akazianika, na usiku aliliweka kopo chini ya mto kama pasipoti. Alipozisia, nyingine ziliangukiana rundo moja, akacheka na kusema zimeitana mkutano. Mkewe naye alicheka. Kesho yake alikwenda dukani akaomba pakiti ya mbegu za nyanya, akalipa, akairudisha chenji kwenye pindo la kanga, na hakuuliza ni nyanya ya namna gani. Alizisia kwenye beseni bovu nyuma ya pipa la maji, mahali asipofika mtu. Zilipoota, zilifanana na za mumewe kama vifaranga.

Hapo ndipo kosa lake lilipo, na huwezi kumlaumu. Maisha yao yote mche ulikuwa majani mawili, majani manne, kwaheri. Hakuwaza zaidi ya majani.

Wiki za kukomaza miche zilipita vizuri. Vidole alipunguza maji, akafungua neti asubuhi, kisha asubuhi na jioni, mpaka miche ikazoea jua na kuacha kujilegeza. Ikaja jioni yenye mawingu, hali ya hewa waliyoitamani.

"Leo!" alisema, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kwamba mche hushikwa jani, haushikwi shina. Jani likikatika litaota jingine. Shina likibonyea, mche umekwenda. Jioni ile mkewe alisimama kwenye tuta na ndoo yake, akaangalia vidole vile vilivyoijua sheria hiyo vikiivunja. Vilikosa jani, vikarudi, vikakosa tena, halafu vikabana shina kwa nguvu ya mtu anayeogopa kuangusha. Mche baada ya mche. Alitamani kusema, "Lete nikushikie." Badala yake akamwaga maji.

Alfajiri, mzee akiwa bado amezama kwenye usingizi wa dawa, alikwenda uani. Miche karibu yote ilikuwa imelala chini, mashina yamekatika viuno. Akaing'oa, akaleta ya nyuma ya pipa, akapanda kwenye mashimo yale yale na kurudishia nyasi za kufunika udongo. Kulipokucha sawasawa, Vidole alitoka na nusu kikombe chake, akakuta tuta zima limesimama wima.

Alicheka kwa sauti. Akampigia binti simu papo hapo, simu ikimchezea sikioni. "Imeshika! Yote! Hata sota wakata mashina hawajathubutu kuigusa. Mwambie na yule daktari."

Mkewe alikuwa jikoni, kucha zimejaa udongo. Alikuwa amedhani naye atafurahi. Badala yake alijisikia kama aliyeiba kitu, akamwona mwenye mali akimshukuru.

Na furaha ile ikaleta kazi. Vidole alipanda tuta la pili, kisha la tatu. Akamwahidi fundi cherehani miche, akasahau kwamba mwaka huo hauzi. Kila jioni alipanda, kila alfajiri mkewe alizika na kufufua, mpaka beseni likabaki na udongo mtupu na mgongo wake ukawa haukunjuki. Hakuna mahali ambapo angeweza kusema basi. Kumzuia ni kumwambia, na kumwambia ni kumletea kiti.

Minyanya ilikua, ikafungwa kwenye vijiti, ikatoa maua. Kisha ikazaa.

Mama yule aliona kwanza. Vinyanya vichanga, vidogo kama shanga, vya mviringo. Alisogea kwenye mmea mwingine: mviringo. Mwingine: mviringo, tena na mikunjo kama ya boga. Akachuchumaa. Kuanzia siku hiyo alfajiri zake zikawa za kuchuma vinyanya vichanga na kuvifukia jalalani, kama mwizi anayeficha mali aliyojiibia. Lakini mmea ukishaamua kuzaa hauna adabu. Alichuma huku, kule kukazaa, na majani yakamficha asione yote. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake iliishia kwenye tuta la kwanza, asubuhi moja alipotoka na kumkuta mumewe ameshatangulia.

Vidole alikuwa amesimama katikati ya minyanya, shati limefungwa vizuri. Mbele yake kulikuwa na nyanya iliyoanza kuwa nyekundu, mviringo kama mpira.

"Hii mbegu gani?" aliuliza bila kugeuka.

"Labda zilichanganyika kwenye kopo, mzee wangu."

"Kopo nililala nalo mimi."

Ndege walipiga kelele juu ya ukuta. Mkewe alisubiri waondoke, hawakuondoka.

"Ya pakiti," akasema.

"Ulipanda lini?"

"Alfajiri. Ukiwa umelala."

"Yote?"

"Siyo yote! Ule pale ni wako. Na ule wa kwenye kona, na ile miwili karibu na bomba. Tazama inavyozaa."

Vidole aliitazama minne yake, yenye nyanya ndefu, nzuri, kisha akaitazama iliyosalia kwenye matuta yote matatu. Hakupiga kelele. Mkewe aliomba moyoni apige kelele. Mkono wa mzee ulipanda kifuani, ukagusa kifungo, nacho kikatoka tunduni bila hata kusukumwa. Akakitazama.

"Na hili tundu?"

Mkewe aliitikia kwa kichwa.

"Na chai?"

Akaitikia tena.

"Nini kingine?"

"Baba watoto, nilifanya hivyo kwa sababu..."

"Sababu naijua. Nakuuliza nini kingine. Nataka kujua kilichobaki changu."

Mwanamke huyu alikuwa na jibu kwa kila mtu mwaka mzima, kwa binti, kwa fundi, kwa daktari. Alilitafuta hili pia. Alipita nyumba nzima akilini, chumba kwa chumba, kikombe, shati, redio ambayo kila usiku alikuwa akiiweka kwenye stesheni ya mzee, na kila alipogusa alikuta mkono wake mwenyewe umeshatangulia.

"Niletee kiti," alisema Vidole.

"Kiti kina mguu mbovu."

"Huo nao ni uongo?"

"Hapana. Huo ni kweli."

"Basi kilete hivyo hivyo."

Alikwenda polepole, akakileta, akakiweka kwenye njia kati ya matuta, kikiangalia nyanya. Vidole alikizunguka, akakishika mgongo kwa mikono miwili ili akigeuze upande wa ukuta. Miguu ya kiti ilianza kugonga chini, ta-ta-ta-ta, na kiti hakikugeuka. Mkewe alinyoosha mkono kumsaidia. Kisha akaurudisha, kwa kuwa hakuombwa, na hakujua tena kama ana ruhusa.

Akasimama pale, mikono ameishusha, akisikiliza kiti kinavyogonga.