Diski Iliyorudi Imejaa

Odalmis Tamayo hakuwahi kukaa kitini dakika kumi mfululizo. Ndiyo maana waume wawili walimshinda, au yeye aliwashinda, inategemea mtaani unamuuliza nani. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kompyuta cha kiwanda cha sukari, nje kidogo ya mji wa Camagüey. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na ujuzi wake, akaweka meza sebuleni, akaanza kufufua diski za watu. Mlangoni alibandika karatasi: UMEGUSA NINI BAADA YA KUHARIBIKA? SEMA KWELI. Watu walikuwa wakiisoma, wakaingia, wakadanganya.

Jumatano asubuhi aliingia Migdalia, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, amekumbatia diski ndogo nyeusi aliyoifunga kwa kitambaa cha jikoni kama mkate wa moto.

"Odalmis, roho yangu, picha za Lisandra zimepotea."

"Za sherehe ya kutimiza miaka kumi na tano?"

"Zote. Mia nne na kitu."

Odalmis aliegemeza ufagio ukutani. Lisandra alikuwa mtoto wa dada yake Migdalia, na Migdalia ndiye aliyemlea tangu mama mtu, Yaimara, alipokwenda Chile kutafuta maisha, sasa mwaka wa nne. Msichana hutimiza kumi na tano mara moja tu. Yaimara hakupata ruhusa ya kuja, akatuma taji, viatu na vitambaa vya magauni matatu, kisha akakaa kungoja picha. Ijumaa saa sita mchana jirani mmoja angesafiri kwenda huko na kumpelekea mkononi, kwa sababu kuzituma kwa intaneti yetu ungeota mvi. Na mpiga picha alikwisha kuifuta kadi ya kamera yake, alikuwa na harusi ya kupiga.

"Haya. Umegusa nini?"

"Mimi? Sikugusa kitu."

"Migdalia, nakujua tangu una meno ya utoto."

"Nilimpa Reinier anijazie furushi."

Furushi ndilo lile la kila wiki, tamthilia na sinema zinazotoka Havana kwenye diski, mkono kwa mkono, na mtaani kwetu mkono wa mwisho ni wa Reinier. Odalmis alitoa kichwa dirishani akamwita, na kumwonya asijifanye amelala.

Reinier alikuja akiburuta ndala, mtu mzima wa miaka hamsini na uso wa aliyekwisha kusamehewa.

"Sasa kosa langu liko wapi, dada? Migdalia mwenyewe aliichomoa haraka haraka alipoona taa zinapepesa. Nilipoichomeka kwangu ikaniambia haisomeki, niiandae upya? Nikakubali. Nikaikuta tupu."

"Ukamrudishia."

"Tupu? Mimi nimelelewa. Nilimwekea tamthilia ya Kituruki, vipindi mia na ishirini, na vichekesho juu yake."

Odalmis alifumba macho. Kwetu ukimpelekea jirani bakuli la maharage, bakuli hurudi na wali, au kipande cha boga, chochote kile. Reinier alikuwa ameifanyia diski adabu ya bakuli.

"Sikiliza, bwana uliyelelewa vyema," alisema. "Kuandaa upya ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo. Kitabu kinabaki, ningekisoma chote. Wewe ukachukua kalamu ukaandika juu ya kurasa. Ungemrudishia tupu ningekubusu."

"Bado unaweza," alisema Reinier, na Migdalia akamtupia kile kitambaa cha jikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Unachukua nakala ya diski nzima, diski yenyewe huigusi tena. Halafu unaiachia programu ipekue nakala hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho, itafute kila mahali panapoanza kitu chenye umbo la picha. Saa saba za kupekua, na umeme siku hizo ulikaa muda wa saa nne tu ukaondoka. Jumatano ulimkatikia katikati ya nakala. Alhamisi akamaliza nakala, akaanza kupekua, ukamkatikia tena, na kupekua hakuendelei kulipoishia, kunaanza upya.

Alizunguka meza. Aliosha vikombe visivyo na uchafu. Alitoka barazani, akarudi, akatoka. Migdalia alikuja mara nne, kila mara na swali lile lile kwa maneno mengine.

"Ukinijia tena nitakushonesha mapazia ya nyumba nzima," Odalmis alimwambia. "Nenda kamwambie Reinier alete betri ya pikipiki yake ya umeme. Atembee kwa miguu, atapungua tumbo."

Reinier aliileta begani. Ijumaa alfajiri mashine ilianza tena kwa betri hiyo, na saa nne na nusu ikamaliza.

Picha hazikuwa na majina, namba tu. Migdalia alisimama nyuma ya kiti, mkono mdomoni. Gauni la buluu: mstari wa taji juu, chini yote kijivu. Gauni jeupe, kijivu. La tatu halikuonekana kabisa. Picha za studio za asubuhi ndizo zilizonakiliwa kwanza, mwanzoni mwa diski, na Waturuki waliketi hapo hapo mwanzoni. Zilizopona zilikuwa za mwishomwisho, mia moja na sita, pale mpiga picha alipowafuata nyumbani: Lisandra kavua gauni na viatu, kabaki na fulana, Lisandra anapiga miayo na taji limelalia sikio, Lisandra anakula kroketi mbili za kukaanga kwa pamoja, mashavu yamevimba.

"Hizi za kutupa," Migdalia alisema. "Siwezi kumpelekea hizi. Atasema nilimvalisha mwanawe nini, fulana?"

"Utampelekea hizi au utampelekea tamthilia?"

"Odalmis, sijalala siku tatu."

"Na mimi sijakaa siku tatu. Saa tano na robo hii, msafiri anafunga mabegi. Amua."

Migdalia alichukua flashi yenye picha hizo, akaitia kifuani, akatoka mbio na ndala moja inamtoka mguuni.

Jumapili alirudi na simu mkononi, akaiweka mezani, akabonyeza ujumbe wa sauti. Sauti ya Yaimara ilijaza sebule.

"Migdalia, nimemwona anakula. Nilikuwa nimesahau kwamba huanzia shavu la kushoto. Hebu niambie, jino lile la mbele limevunjika lini? Mbona hukunieleza? Na gauni la buluu liko wapi? Mikono ya gauni lile niliishona mimi mwenyewe, usiku baada ya kazi, nikaituma pamoja na kitambaa. Nataka kuliona, Migdalia. Hata moja."

Ikakatika. Migdalia alimtazama Odalmis.

"Nimwambieje?"

Odalmis alikuwa amekwisha kuvuta kiti. Alikitazama kidogo, kisha akakaa, akavuta simu karibu na mdomo wake, akabonyeza kurekodi jibu.

"Yaimara, ni Odalmis wa Tamayo. Gauni la buluu halipo, mama. Nimetafuta mara mbili. Lipo taji na kipaji cha uso, kijivu kinaanzia kwenye nyusi. Nakutumia hicho kipande sasa hivi, na jino nitakueleza, nilikuwepo."