Nilimpanga Bibi Mukandekezi Kwenye Jalada la Ng'ombe

Mwaka 1991 nilimgeuza binadamu kuwa ng'ombe. Sikutumia uchawi. Nilitumia muhuri.

Nilikuwa karani wa masjala, ofisi moja huku Karagwe. Kazi mbili nilishafukuzwa, hii ya tatu niliishika kwa meno. Nikakuta karatasi zimerundikana kama maganda ya ndizi.

Nikajifanya fundi. Kila karatasi na aina yake, kila aina na jalada lake: WATU, ARDHI, MIFUGO. Muhuri mwekundu juu, pwaa! Bosi wangu, mzee Muhangi, akanisifu. Kichwa kikavimba.

Miezi miwili baadaye ukaja uhakiki wa wakazi waliohamia kutoka ng'ambo ya mpaka. Asiye na kibali, lori linampeleka mpakani saa tisa alasiri.

Saa nne asubuhi akaingia Bibi Mukandekezi wa Nyabiyonza, mjane, na fimbo yake ya kuchungia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karatasi yangu mnayo nyie. Nipe."

Jalada la WATU, hayumo. Nikarudia. Hayumo. ARDHI je? Wapi!

"Bibi, una uhakika uliandikishwa?"

"Sostenes, nimezika mume huku. Nianze kudanganya leo?"

Saa sita. Saa saba. Jasho mpaka kwenye soksi. Bibi amekaa kwenye benchi, ananitazama tu. Afadhali angenitukana.

Saa nane nikauliza, basi tu, sina la kufanya: "Siku mliyoandikishwa, karani aliandika nini kwanza?"

"Aliuliza mmekuja nani na nani. Mume wangu akaanza na Bihogo."

"Bihogo ndiye nani?"

"Ng'ombe wetu mkubwa. Ulitaka aanze na mimi?"

Mungu wangu!

Nikalivamia jalada la MIFUGO. Hii hapa: "Ng'ombe Bihogo na wenzake kumi na wanne, pamoja na mwenye mali na mkewe Mukandekezi. Wameruhusiwa kukaa Nyabiyonza."

Nilikuwa nimesoma neno la kwanza tu.

Nikaipeleka mbio kwa mzee Muhangi. Akaiangalia, akanirudishia.

"Hii ya mifugo. Muhuri wako si huu?"

Bibi alikuwa amenifuata nyuma; akasogea mezani.

"Mzee, ng'ombe wangu wana ruhusa ya kukaa?"

"Wanayo."

"Haya. Mimi nikiondoka, kesho alfajiri uje uwakamue wewe. Mjukuu wa Bihogo ana teke, nakuambia mapema."

Muhangi akajikaza asicheke, akashindwa. Akakata neno MIFUGO kwa kalamu, akaandika WATU, akasaini.

Nikarudi masjala nachekelea. Nikalifungua tena lile jalada, nikaanza kusoma karatasi moja moja mpaka chini.

Kicheko kikakauka. Mle ndani mlikuwa na watu thelathini na mmoja.

Nikatoka mbio na jalada kifuani. Saa tisa ilishapita; uwanjani nikakuta vumbi tu. Lori lilishaondoka, na watatu wa kwenye jalada langu walikuwa juu yake.

Wewe unayepanga kumbukumbu za watu, hata kama siku hizi ni kwenye kompyuta, nakusihi: karatasi moja hubeba ng'ombe na mtu pamoja. Kabla hujaipa aina, isome mpaka mwisho. Aliyeandikwa mstari wa chini naye ana nyumba ya kurudi jioni.