Njuki Aliyekuwa Akimpigia Mke Wangu

Wasee, mimi ndiye yule mwanaume aliyefika zahanati moja huku Ishiara na mpini wa jembe ndani ya koti. Msicheke kwanza.

Naitwa Nthiga, fundi wa stima. Mke wangu Wambura amenishikia tochi miaka minane nikiunga waya za watu.

Kisha chifu akatangaza kwa baraza kwamba kuna kozi ya sola, ya akina mama pekee. Wambura akajiandikisha. Mimi, fundi mzima, hata sikuulizwa.

Roho ikaanza kuniuma.

Kila Jumanne anaamka mapema, anapiga ovaroli pasi. Nani hupiga ovaroli pasi? Na simu haiishi kulia. Njuki. Nikiuliza, ati ni mwalimu.

Jumatatu moja akikama mbuzi, nikachungulia simu. Njuki ameandika: "Kesho usichelewe. Na mzee usimwambie bado."

Usiku huo nikachomoa mpini wa jembe, nikauficha ndani ya koti.

Kesho yake nikamfuata Wambura.

Nilimpata juu ya paa la zahanati, anafunga sola. Chini, mwanaume mwenye mvi ameshika ngazi, anatazama saa. Akina mama wengine wanangoja zamu yao.

Vidole vya Wambura viliunga waya haraka kuliko vyangu. Hapo ndipo wivu ulinichoma kabisa. Njuki nilikuwa nimeshamsahau.

Nikapaza sauti: "Wambura, shuka!"

Alishtuka. Koleo likamponyoka, likapasua kioo cha sola.

Yule wa mvi akaandika kitu kwa karatasi, akanigeukia. "Wewe ni nani?"

"Bwanake."

"Nthiga?" Akakunja karatasi. "Mimi ni Njuki, mwalimu wake. Huu ulikuwa mtihani wa mwisho. Angepita, angepewa kazi ya sola kwa zahanati tano na fundi mmoja wa kumsaidia. Aliandika jina lako. Alitaka uambiwe akiwa na cheti mkononi."

Nilitamani ardhi inimeze na koti langu.

Wambura alishuka bila kuniangalia. "Twende nyumbani, Baba Igoki," akasema. "Nimeanguka mtihani, na wewe umeanguka na mimi."

Wamemruhusu arudie leo. Yuko juu ya paa saa hii ninapoandika.

Wivu bado ninao, sitawadanganya. Lakini wanaume wenzangu, mke akipenda mambo ya waya na hesabu, usimuulize nani anampigia. Muulize amefika wapi.

Mimi nimebaki na mbuzi, na tangu asubuhi sijampigia Wambura simu hata mara moja.