Udongo Ulioitwa Diluvium

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mwanangu alikula kwa vyungu vyake. Mume wangu alichukuliwa na boma la Wadachi kubeba mizigo, hakurudi, na hakuna aliyejisumbua kuniambia lolote. Nikarudi kwa mama ufukweni mwa ziwa, mashariki ya Itungi, nikiwa na binti mgongoni ambaye hata meno hayajamaliza kuota. Misheni walikuwa wamenisomesha mpaka darasa la juu kabisa walilokuwa nalo. Elimu hiyo haijawahi kuchemsha sufuria.

Udongo tuliuchimba kwenye ukingo ulioinuka nyuma ya kijiji, maji ya ziwa yasikofika. Mama aliutwanga, akaufinyanga, akausugua kwa kokoto mpaka chungu kikang'aa. Tulipakia mtumbwi tukapeleka sokoni Itungi, waliposhukia wakulima wa Makwale. Bei ilikuwa moja tangu enzi za bibi: mnunuzi anajaza chungu mahindi au mpunga, wewe unaondoka na nafaka, yeye anabaki na chungu.

Akaja Mdachi mwenye nyundo. Huyu hakuwa wa kodi wala wa kiboko, aligonga mawe tu na kuchora ramani. Ukingo wetu akaupaka rangi ya manjano, akaandika juu yake: Diluvium. Mwinjilisti wetu, ambaye hapiti penye neno geni bila kuliokota, akamuuliza maana yake.

"Gharika," akajibu Mdachi kwa Kiswahili chake cha boma. "Hii udongo ya gharika."

"Ya Nuhu?"

"Ndiyo, ndiyo, Nuhu." Alikuwa anafunga mifuko yake ya mawe, hata uso hakuinua.

Jumapili tukahubiriwa. Wenye dhambi wa dunia nzima walizama, wakaoza, wakawa tope, na tope lenyewe ndilo lile tunalochimba. Watu wa huku, hata waliobatizwa, wanaogopa uchafu wa maiti kuliko moto wa milele. Aliyezika hali na wenzake mpaka atakaswe. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kwamba chungu chake kimefinyangwa kwa wafu.

Safari iliyofuata sokoni, mama mmoja wa Makwale aliyenunua kwetu tangu nikiwa mtoto aliviangalia vyungu kwa mbali.

"Ndaga, asante, mwanangu. Leo hapana."

"Vina ufa?"

"Havina."

Jirani yake akadakia, "Kwani wewe mwanao unampikia humo?"

"Tangu azaliwe."

"Ndiyo maana kakonda!"

Wakacheka. Nilitamani kumpasulia chungu kichwani, lakini chungu kilikuwa na kazi nyingine.

Siku hiyo hiyo nikamfuata Mdachi, ambaye alikuwa bandarini akisubiri meli. Alinisikiliza, hilo silikatai. Akaeleza kwamba zamani wasomi wa kwao waliona tope na kokoto juu ya mawe ya kale, wakasema hii ni gharika ya Nuhu, wakaziita zama hizo Diluvium. Baadaye wakagundua wamekosea. Kwao Ulaya tope hilo liliachwa na mabarafu makubwa. Neno likabaki kama jina la zama tu, zile zilizotangulia hizi zetu. Tope la leo, linaloletwa na mto, wanaliita Alluvium.

"Na huku kwetu kulikuwa na barafu?"

"Hapana. Nadhani ziwa lilikuwa juu zaidi."

"Na gharika ya Nuhu?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini umeandika gharika?"

"Ramani zote zinaandika hivyo. Wenzangu wengine wameanza kuliacha hilo neno. Mimi nimelizoea."

Amelizoea! Sisi tulale njaa kwa sababu mtu amezoea neno.

"Njoo kanisani uwaambie hivyo."

"Mimi sibishani na watu wa dini, mama. Na meli inaondoka."

Ikaondoka, na yeye ndani.

Basi nikasema mwenyewe, nje ya kanisa, kwa sauti. Nilieleza yote: wasomi, kosa, barafu, ziwa. Mwinjilisti akatabasamu kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Yule mama wa Makwale alikuwa amekuja ibadani, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani nimempata.

"Amefuta?" akauliza.

"Nini?"

"Alichoandika kwenye ramani. Amekifuta?"

"Hajafuta."

"Basi, mwanangu."

Mama hakuacha kufinyanga. Alisema watarudi, hawana pa kupikia. Walikuwa napo. Kulikuwa na sufuria za chuma za wafanyabiashara, na vyungu vya kale walivyovitunza sasa kama mayai. Vyetu vikapangwa ukutani mpaka mlango ukawa hauishi kugonga vyungu. Nilimpondea mama udongo kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsaidia, na kwa sababu akikaa bure analia.

Binti alipovimba miguu kwa njaa nilimpeleka Makwale kwa mama mkwe. Alimpokea mara moja, akampa uji. Sharti lake lilikuwa moja: mikono inayoshika udongo ule isimguse mtoto.

Ninakwenda kila nikipata nafasi. Nanawa mtoni, nasugua kwa mchanga mpaka ngozi inawaka. Mama mkwe ananisimamisha kwenye migomba, anashika vidole vyangu kimoja kimoja, anavigeuza juani. Binti amenenepa. Ananitazama kama anavyotazama wapita njia.

"Bado," anasema mama mkwe. "Udongo upo kwenye kucha."