Mbegu ya Mama Mkwe

Nakumbuka siku mama mkwe wangu aliponifuata shambani Kwedizinga, nikaona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza. Nakusimulia, mjukuu wangu, kwa sababu jana ulinisomea daftari lako la Kiingereza hapa Kilole. Mwalimu amewafundisha neno "dwindle", kupungua kidogo kidogo mpaka kitu kikaribie kwisha, nawe ukalitungia sentensi ya uji uliomwagika. Mimi bibi yako sikusoma Kiingereza, lakini hapo umekosea. Uji ulimwagika mara moja na kila mtu aliona. Neno hilo ni la kitu kinachoondoka huku unakitazama usitambue.

Nilipoolewa, mama mkwe alinipa mbegu ya mahindi aliyoachiwa na mama yake. Kila mavuno tulichagua mahindi makubwa kuliko yote, tukayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya jiko yapate moshi. Hayo hayaliwi, ni ya kupanda msimu unaofuata. Mimi nilikuwa na kiburi cha bibi harusi. Makubwa niliyajaza kikapuni nikawapelekea ndugu zangu huku Korogwe, waone nimeolewa pazuri. Juu ya jiko nikatundika madogo.

Mwaka wa kwanza sikuona tofauti. Wa pili mahindi yakapungua, nikalaumu mvua, wa tatu jicho la jirani. Wanasema haba na haba hujaza kibaba, nami nasema hukimaliza vilevile.

Mwaka wa tano ndipo mama mkwe alipokuja, akamenya hindi moja. Lilikuwa na mapengo kama kinywa chake.

"Shikamoo, mama. Mvua ya mwaka huu..."

"Marahaba. Mvua hiyo hiyo imenyesha kwa jirani. Yale makubwa unayapeleka wapi?"

Nikamwambia.

"Umewalisha watu mbegu ya mama yangu," akasema. Hakunigombeza. Alikaa chini, pale pale kwenye tuta, akalia.

Niliitafuta mbegu ile mpaka Kang'ata, nyumba kwa nyumba, sikuipata. Mama mkwe alifariki tukila mahindi ya mbegu ya dukani, na jambo hilo linaniuma hata sasa.

Basi, mwanangu, kilicho bora usikimalize kwa kujionyesha. Tenga kwanza cha kesho. Ukiona afya inapungua, au heshima nyumbani, usingoje mwaka wa tano, na kabla hujamlaumu jirani jiulize wewe. Mungu akujaalie jicho la kuona kinachopungua kingali kingi.