Sungura wa Ukweni Hali Nyasi

Juzi nilifuata dawa ya kuku kwenye duka la mifugo hapa Mpanda. Mama mmoja wa Majimoto akaweka juu ya meza sungura aliyeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga.

"Hataki kula, daktari. Mate tu yanamtoka."

Daktari wa mifugo akamfunua mdomo. Meno ya mbele yalikuwa marefu, yamejikunja.

"Mnamlisha nini?"

"Wali."

"Na nyasi?"

Mama akajishika kifua. "Huyu nimeletewa na wakwe! Nimpe nyasi, watanionaje?"

"Mama, meno ya sungura yanakua maisha yake yote. Nyasi ndizo zinazoyasaga. Kwa wali huo utamuua."

Akayapunguza taratibu kwa kifaa chake, mama kafumba macho. Kisha mama akamnyanyua sungura, akamnong'oneza tukasikia wote: "Nyasi utakula, baba. Ila Jumapili wakwe wakija, kaa na sahani yako ya wali hapo mbele, usiniaibishe."

Duka zima tulicheka, mimi nikanyamaza wa kwanza. Nikienda ukweni huongezewa wali nikiwa nimeshashiba, na ninakula meno yote nje.